Ngozi Haina Katodi

Tangazo lilikuwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi, katikati ya mji wa Likasi. Anatafutwa mtu wa mapokezi. Awe na diploma ya Serikali, ajue Kifaransa na Kiswahili, awe na "bonne présentation", yaani mwonekano mzuri. Hayo maneno mawili ya Kifaransa hayakufafanuliwa, na kwetu Kongo hayafafanuliwi popote yanapoandikwa. Kila mtu anayasoma kwa macho aliyolelewa nayo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyasoma akiwa na miaka 22, akarudi nyumbani Kikula akiwa ameyaelewa hivi: kwanza niwe mweupe kidogo.

Habari yake naisimulia kwa idhini yake. Aliomba jina lake lisitajwe, wala la ofisi, wala la mama aliyemuuzia dawa, kwa sababu yule mama naye anajipaka ileile. Nimekubali. Nami niseme mapema kwamba nimo ndani ya kisa hiki, na sehemu yangu si nzuri.

Nyumba ya Kikula ni ya baba yangu, ambaye wajukuu wanamwita nkambo. Alianza kazi ujanani katika kiwanda cha Shituru, enzi za Union Minière, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot. Alistaafu chini ya Gécamines, kampuni iliyotokana na kutaifishwa kwa machimbo mwaka 1967. Mshahara wake haukuwahi kuwa mkubwa, na miaka ya 1990, Gécamines ilipoporomoka, ilipita miezi mingi bila hata senti kuonekana. Lakini sijawahi kumwona akitoka nje ya lango akiwa mchafu au ovyo.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana mpwa wangu alikuwa na mwalimu ndani ya nyumba na hakumwona. Jumamosi jioni nkambo hutandika gazeti la zamani barazani na kuweka viatu vyake juu yake. Huvua kamba kwanza. Kisha huondoa vumbi kwa brashi kavu, na hapo hana haraka, kwa sababu vumbi la Likasi ni jekundu na kali, ukilichanganya na dawa ya viatu linakwangua ngozi kama msasa. Vikishatakata ndipo hupaka dawa, kidogo sana, huacha ikauke wakati anakunywa chai, hupiga brashi, humalizia kwa soksi kuukuu. Hupaka hadi kisigino, kwa sababu, anasema, ukishampa mtu mgongo ndicho anachobaki akikitazama. Jozi ile ninaijua tangu nikiwa sekondari. Imebadilishwa soli mara tatu.

Mashati yake meupe ni mawili. Kola ilipochakaa pale inapokunjwa shingoni, alimpelekea fundi cherehani, akaifumua, akageuza upande wa ndani ukawa wa nje, akaishona tena, na shati likapata maisha ya pili. Pasi yake ni ya makaa. Huipungia nje ya mlango ili majivu yatoke, hujaribu joto kwa tone la maji, huanza na kola, huja mabegani, huja mikononi, mwili wa shati huuacha mwisho ili usikunjamane tena. Kucha hukatwa Jumapili kabla ya misa. Na wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni na wa Julai, baridi na upepo vinapokausha watu hadi miguu ikapauka, yeye hujipaka mafuta mwili ukiwa bado na unyevu wa maji ya kuoga. Huo ni ujuzi ambao wengi wetu hatuna: mafuta hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo, na aliyekwisha kukauka hana cha kufungia.

Hayo yote yanagharimu sabuni, makaa, mafuta ya kawaida na saa moja ya utulivu.

Juu ya kiti chake sebuleni kuna picha ya rangi aliyoinunua miaka ya 1970 kwa mchoraji aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Watu wa rika lake hapa Katanga wanaijua bila kuelezwa: Mamba Muntu, mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, nusu mtu nusu samaki, ameketi kando ya maji na saa mkononi. Zamani ilining'inia katika sebule nyingi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Wazee walisimulia kwamba anayekutana naye hupata utajiri, ila kwa sharti: siri. Na baada ya siri huja bei, ambayo huwa ni mtu wa nyumbani mwako au kitu cha mwili wako. Mpwa wangu alikua akifanya mazoezi ya shule chini ya picha hiyo. Aliwahi kuniambia kwamba utotoni alimwonea wivu yule mwanamke, nywele zake na rangi yake. Bei hakuiwaza, kwa kuwa bei haikuchorwa.

Dawa aliinunua sokoni. Ilikuwa kopo lisilo na karatasi, mchanganyiko uliokorogwa na muuzaji mwenyewe: losheni ya dukani, tyubu mbili za dawa ya ngozi, na kitu cha tatu ambacho hadi leo hakijulikani. Aliambiwa apake asubuhi na usiku. Wiki ya tatu uso ulianza kung'aa. Chunusi zote zilitoweka, na rangi ikapungua kama chai iliyoongezwa maziwa.

Sasa nije kwenye sehemu yangu. Mimi nakaa Lubumbashi, kiasi cha kilomita 120 kutoka Likasi, na mwisho wa mwaka ule nilikwenda kuwaona. Alinifungulia lango. Nikasimama, nikamtazama, nikasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa majirani: "Eh! Mwana, sasa unafanana mutu ya biro!" Yaani mtu wa ofisini. Watu wote wakacheka kwa furaha. Dada yangu alijisifu. Kwaya ya parokia ilikuwa imekwisha kumsogeza mstari wa mbele. Mama mmoja wa jirani alisema mtoto amekuwa "propre", na hakuna aliyeuliza kwani zamani alikuwa mchafu wa nini. Katika nyumba nzima aliyenyamaza alikuwa nkambo peke yake. Nilidhani ni uzee.

Kazi aliipata. Sitalificha hilo, kwa sababu anayesimulia visa vya namna hii mara nyingi hukimbilia adhabu, na msomaji anayejua maisha hamwamini tena. Alipata kazi, akakaa mezani, akapokea wageni, na kwa mwaka mzima kila kitu kikamwonyesha kwamba alikuwa amefanya hesabu sahihi.

Mwaka wa pili vifundo vya vidole vikaanza kumsaliti. Vidole, viwiko na magoti vina ngozi nene, havikubali dawa upesi, vikabaki na rangi yake ya kuzaliwa huku mikono ikiwa ya njano. Vijana wana jina la hali hiyo, Fanta-Coca, na walimwita hivyo nyuma yake kituoni mwa teksi. Akaanza kuvaa mikono mirefu hata mwezi wa Oktoba, joto linapokuwa kali kuliko wakati wowote. Michirizi ikatokea mapajani na kwapani. Jasho lake likabadilika harufu, akawa anajipulizia manukato mara nne kwa siku. Kisha, juu ya mashavu, pale jua linapopiga kwanza, kukatoka madoa meusi yanayokaribia buluu, na ukiyatazama kwa karibu yana vipunje kama masizi yaliyoganda.

Aliacha dawa. Baada ya siku chache uso ukawaka moto, ukavimba, ukajaa vipele. Akairudia, ukapoa. Akaacha tena, ukawaka tena. Hapo ndipo alipojua kwamba amefungwa, na hakumwambia mtu.

Tuliyajua yote siku ya upasuaji. Kidole tumbo kilimshika usiku, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa, ikaenda vizuri. Lakini kidonda hakikufunga. Siku ya kutoa nyuzi ngozi ilifunguka kama karatasi iliyolowa. Daktari, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwatoa watu wote nje, akamuuliza: "Unajipaka nini?" Alijibu hajipaki kitu. Akaulizwa mara ya pili na ya tatu. Siku ya nne ndipo alipomwambia mama yake alete lile kopo kutoka chini ya godoro. Siri iliyochukua siku nne kutoka ilimwongezea majuma kitandani.

Daktari alieleza, na baadaye nimesoma mengi kuhakikisha nimeelewa. Tyubu zile za dawa ya ngozi zilikuwa steroidi kali, za aina ya klobetasoli. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa wake, kwa siku chache, mahali padogo. Ukiipaka mwili mzima kwa miaka miwili inakondesha ngozi, inazima kinga, inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na mwili ukiizoea unasahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Ndiyo maana anayeitumia muda mrefu haifai aiache ghafla bila kumwona daktari. Anapaswa kuteremshwa ngazi moja moja. Madoa ya mashavu yalikuwa habari nyingine. Daktari alitaja haidrokwinoni. Hiyo inazuia mwili kutengeneza melanini, ule weusi ambao kazi yake ni kuwa mwavuli, na Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, jua letu halina huruma na mtu aliyefunga mwavuli. Ikitumika miaka mingi inageuka: badala ya kuondoa rangi inazika rangi nyingine ndani kabisa, ambako hakuna sabuni wala mafuta yanayofika.

Kilichoniuma ni kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya wanawake weusi waliotokwa na madoa hayohayo kwa sababu ya krimu za haidrokwinoni zilizouzwa waziwazi madukani. Mwaka 1990 nchi hiyo ikazipiga marufuku katika vipodozi. Umoja wa Ulaya ukaiondoa haidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Zebaki, ambayo bado hupatikana katika baadhi ya sabuni na krimu za namna hiyo na ambayo hushambulia figo, iliwekewa kikomo na Mkataba wa Minamata wa 2013: kipodozi kisizidi miligramu 1 kwa kila kilo. Na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba hata hicho kidogo kisiruhusiwe. Malori yanayobeba shaba yetu yanapita Kasumbalesa kwenda kusini kila siku ya Mungu. Maarifa yaliyopatikana huko kwa maumivu ya watu kama sisi hayakupata lori la kuyarudisha hadi kwenye soko la Kikula.

Jioni moja, kidonda kikiwa kimeanza kushika, nkambo alivuta kiti karibu na kitanda cha mjukuu wake. Mimi nilikuwa mlangoni. Alikunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu la zamani kwenye mkono wa kulia, refu kama kijiko.

"Unajua ile ni nini?"

"Asidi, nkambo."

"Asidi. Tone moja tu."

Akaanza kumweleza kazi yake, jambo ambalo mimi mwanawe sikuwahi kumwomba. Mawe ya madini yanasagwa, yanamwagiwa asidi. Asidi inaila shaba yote iliyomo, jiwe linabaki takataka na maji yanakuwa ya buluu, mazuri kutazama. Ukisimama hapo tu, alisema, utaona shaba imekwisha. Lakini maji yale yanapelekwa kwenye mabirika yenye umeme, na ndani yake kunaning'inia mabamba, yaani katodi, na shaba inarudi yenyewe kidogo kidogo na kushika pale, siku baada ya siku, safi kuliko ilivyotoka ardhini. Ndiyo maana mtu mwenye akili anakubali kuiyeyusha.

"Mu asidi shaba inapotea, lakini iko inarudia ku katodi. Sasa weye, mwana, ngozi yako itarudia wapi? Ngozi haina na katodi."

Mpwa wangu alilia. Nkambo hakumnyamazisha. Alikaa naye mpaka alipomaliza, kisha akanigeukia mimi, na hapo ndipo nilipopata kipande changu cha funzo.

Alinikumbusha habari ya baba yake, ambaye mimi sikumkuta. Mwaka 1952 utawala wa Wabelgiji ulitoa amri ya kuwaandikisha Wakongo "waliostaarabika". Aliyetaka kadi ya kuandikishwa aliomba, na wakaguzi walifika hadi nyumbani kwake kumpima: anakulaje, analalaje, choo kikoje, mke anaongeaje. Babu yangu aliomba. Nkambo, akiwa mvulana wa miaka 16, aliona mama yake akisugua sakafu siku tatu mfululizo, akaona mzungu akifungua sufuria ya bukari, yaani ugali, jikoni na kuchungulia ndani, akaandika kitu. Kadi walipewa watu wachache mno nchi nzima, na babu hakuwa mmoja wao. Lakini nkambo alisema kilichobaki ndani ya nyumba yetu si aibu ya kunyimwa kadi. Ni yale macho. Mzungu aliondoka mwaka 1960, macho yakabaki, yakatafuta mtu wa kuyavaa.

"Siku ile ku lango," akaniambia, "ulisema anafanana mutu ya biro. Mbele alikuwa anafanana nani?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nimelirudia swali hilo nikiwa barabarani, nikiwa kanisani, nikiwa nimewashikilia watoto wa wengine kidevu na kuwaambia wamependeza. Sisi tunaomwonya binti asijichubue ndio tunaomwimbia wimbo siku anapofanikiwa. Tunamsogeza mstari wa mbele wa kwaya, harusini tunamweka katikati ya picha, posa tunazisikia zikitaja rangi kabla ya tabia, na hatusemi kitu. Kisha ngozi inapooza tunashangaa nani alimshauri. Najua wauzaji wana hatia yao, na ukaguzi mpakani na sokoni ungeokoa wengi. Lakini mteja alitengenezwa nyumbani, na mmoja wa mafundi waliomtengeneza nilikuwa mimi.

Kuna jambo lingine ambalo mpwa wangu alilijua muda mrefu baada ya kuajiriwa. Bi mkubwa aliyemwajiri alikuja kumjulia hali hospitalini, na katika mazungumzo mpwa wangu akapata ujasiri wa kumuuliza ni nini kilichompendeza siku ya usaili. Yule mama alifikiri kidogo. Alikumbuka kwamba waombaji wengi walikuja na vyeti vilivyokunjwa mara nne mfukoni, na yeye alikuja navyo katika bahasha ngumu. Alikumbuka gauni lililopigwa pasi vizuri, la kitenge cha kawaida. Alikumbuka kwamba alipoingia mzee mmoja mlinzi kuleta funguo, binti huyu alisimama kumwamkia. Juu ya ngozi hakukumbuka chochote. Bahasha ile ilikuwa ya nkambo, iliyohifadhi karatasi zake za pensheni, na gauni lile lilipigwa na pasi ya makaa, na nkambo mwenyewe ndiye aliyepepea makaa usiku wa kuamkia siku ile.

Matibabu yalichukua mwaka na zaidi. Steroidi iliteremshwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Uso uliwaka, lakini safari hii ulikuwa na mtu wa kuuangalia. Alipewa mafuta ya kukinga jua, akaambiwa avae kofia pana na asitoke saa za mchana bila mwavuli, na asijaribu dawa yoyote ya kuondoa madoa inayopendekezwa na jirani. Rangi ya mikono imerudi, michirizi imefifia ila haijaondoka, harufu imekwisha. Madoa ya mashavu yamebaki, na daktari hakumdanganya: hayo huenda yakabaki maisha yake yote. Kazini bado yupo. Anakaa mezani bila poda, na wageni wanaomtazama sana anawauliza wamsaidie nini.

Mwezi uliopita nilikuwa Kikula tena, Jumamosi. Niliwakuta barazani wote wawili, gazeti limetandikwa, mwavuli mweusi umeegeshwa ukutani. Mikono ya nkambo inatetemeka siku hizi, hawezi tena kupiga brashi kwa kasi inayotakiwa. Mpwa wangu alikuwa ameshika kiatu cha kulia mapajani, amekwisha kukipaka na anangoja kikauke. Nilisema nataka kusaidia. Nkambo akanisukumia kile cha kushoto, akanitazama nilivyokuwa nikifungua kopo la dawa.

"Vumbi kwanza," akasema.